Jina la Bwana Manase Kwenye Mashine ya Bwana Kitundu

Wiki niliyokabidhi funguo za ofisi nikistaafu, kijana mmoja wa kitengo chetu alinijia mezani na uso wa msiba.

"Mama, faili limepotea."

Nikamuuliza, limepotea au hulioni? Akasema si ni kitu kilekile. Mwanangu, si kitu kilekile. Mbuzi aliyepotea kaliwa na fisi. Mbuzi usiyemwona yuko nyuma ya nyumba anatafuna kanga zako. Nikaenda kuangalia. Faili lilikuwa palepale. Walikuwa wamehamishia kompyuta mpya kila kitu isipokuwa akili, na programu ilikuwa bado inalitafuta kwenye anwani ya kompyuta ya zamani. Nikaona niandike haya kabla sijasahau. Vyeo na mishahara siandiki. Vyeo vilichelewa kuja, mishahara iliwahi kwisha, na habari yake inaishia hapo.

Nilizaliwa Babati mjini, nyuma ya duka la baba. Nilijua kupatana bei kabla ya kujua kusoma. Chenji kwetu ilihesabiwa mara mbili, mara ya kwanza mbele ya mteja ili aone hatudhulumu, mara ya pili akishatoka ili tuone hajatudhulumu. Ila miaka ya themanini ilipochanganya, duka lilibaki na rafu nyingi kuliko bidhaa. Sabuni ikipatikana ilikatwa vipande kama jibini la kwenye picha, na sukari ilikuwa na heshima kuliko mwenyekiti wa kijiji. Baba akasema, nenda katafute kazi ya serikali au ya wafadhili, maana hapa utahesabu hewa.

Nikapata kazi ya ukarani wa stoo kwenye mradi mmoja wa kilimo, ofisi ya bati iliyokuwa upande wa njia ya Bonga. Walinichukua kwa sababu kwenye usaili niliulizwa nitafanya nini nikipokea mifuko ya mbolea, nami nikasema nitahesabu, halafu nitamgeuzia mgongo dereva, halafu nitahesabu tena. Wakacheka, wakanipa funguo.

Stoo haikuwa na kazi kubwa. Ilikuwa na mapanga, kamba, na panya wawili watatu waliokuwa wakiishi kwa matumaini. Kwa hiyo mradi ulipoletewa kompyuta, mtu mwenye nafasi ya kujifunza nikawa mimi.

Siku ya kwanza nilimkuta Mama Fausta mlangoni. Huyu alikuwa mpigachapa mkuu, mwenyeji wa Mbulu, Mkatoliki wa kufunga kweli, mama mnene mwenye sauti ndogo. Ndiye aliyefundishwa mashine ile na mtaalamu wa kigeni kabla mtaalamu hajamaliza mkataba na kurudi kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Viatu nje."

Nikavua. Chumba kilikuwa na pazia na kufuli mbili. Meneja wa mradi mwenyewe hakuwa na pazia. Kompyuta ilikaa katikati ya meza imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama radio ya harusi.

"Huyu," Mama Fausta akasema akimwonyesha kwa kidevu, "anakula dizeli. Usimwekee chai karibu, na usimwambie uongo. Ukimwambia kitu kiko mahali fulani na hakipo, hakisii. Anakaa kimya, wewe ndiye unaonekana mjinga."

Dizeli ilikuwa ya jenereta, maana umeme wa uhakika tuliusikia redioni tu. Na dizeli yenyewe haikuwa ya kuagiza. Nilibadilishana vipande vya sabuni na mtu mmoja mwenye lori. Sikumuuliza dizeli inatoka wapi, naye kwa adabu zake hakuniuliza sabuni inatoka wapi. Tulipatana vizuri miaka mingi.

Ndani ya mashine ile tuliweka majina ya wakulima. Mradi ulikuwa umeahidi plau za kukokotwa na ng'ombe kwa kaya za Nangara, Mutuka na Bonga. Bwana Manase, meneja wetu wa kwanza, alizunguka vitongojini mwenyewe akisimamia uandikishaji. Watu walijaza karatasi, sisi tukaziingiza kwenye mashine: jina, kitongoji, idadi ya ng'ombe, amelima kwa mkono miaka mingapi. Programu ya kutunza majina hayo aliitengeneza yule mtaalamu, na akakiita chumba cha mafaili jina la meneja aliyekuwepo. Nyinyi mnaita folda, sisi tuliita chumba. Chumba hicho kiliitwa MANASE. Alifanya kwa heshima. Heshima hiyo ilitugharimu.

Sasa mtauliza, zile karatasi za uandikishaji zilikwenda wapi? Mwaka ule karatasi hazikuwepo. Ofisi nzima tuliandika barua nyuma ya chochote chenye nyuma. Majina yalipokwisha kuingia kwenye mashine, Mama Fausta alitumia migongo ya zile karatasi kupigia barua. Wakulima wa Bonga walikwenda Arusha migongoni mwa barua ya kuomba tairi. Wa Mutuka walikwenda Dar es Salaam na ripoti ya robo mwaka. Tairi hatukupata, na majina hayakurudi. Yalibaki mahali pamoja tu.

Bwana Manase akahamishwa. Akaja Bwana Kitundu.

Simsemi vibaya. Alikuwa msomi, mchapakazi, na hakuiba hata pini. Alikuwa na ugonjwa mmoja wa kawaida wa wakuu wapya: hakutaka kukalia joto la mwenzake. Alibadilisha kiti. Alibadilisha kibao cha mlangoni, muhuri, na upande ambao meza ilitazama. Kikombe cha chai cha ofisi kilichoandikwa M alikipeleka kwa mlinzi, ambaye jina lake lilikuwa Yohana.

Mwezi uleule makao makuu wakatuletea kompyuta mpya na kuichukua ya zamani, ipelekwe mradi mwingine ikafutwe na kuanza maisha upya. Kabla haijapakiwa, mimi na Mama Fausta tulinakili kila kitu kwenye disketi. Kisha nikasema tunakili tena.

"Zuhura, unadhani disketi ni karanga?" Mama Fausta akauliza.

"Moja ikiliwa na vumbi utanishukuru, mama."

Akanakili tena, akiguna.

Mashine mpya ikawekwa mezani. Bwana Kitundu akaja kuitazama, mikono nyuma.

"Hicho chumba cha majina kinaitwaje humo?"

"MANASE, mkuu," nikajibu.

"Bwana Manase yuko Singida. Haiwezekani kila nikiingia humu nimkute. Mashine mpya, jina jipya."

Nikatengeneza chumba kipya, nikakiita KITUNDU, nikamwaga humo mafaili yote kutoka kwenye disketi. Nikahesabu. Yalikuwa kamili. Tukafunika kitambaa, tukaenda kula. Hatukuijaribu programu. Wanangu, hilo ndilo kosa, andikeni ukutani: ukihamisha, fungua palepale, mashine ya zamani ikiwa bado iko mlangoni. Sisi ya kwetu ilikwisha ondoka na lori.

Plau zikafika siku ya Jumatano, lori zima, zimefungwa majani makavu zisigongane. Dereva alikuwa na barua ya makao makuu, na barua ilikuwa fupi kama tusi: plau zigawiwe kwa orodha iliyochapwa na kugongwa muhuri, zisipogawiwa hadi Ijumaa jioni, lori liendelee nazo wilaya jirani. Dereva mwenyewe alitufafanulia akiwa ananing'iniza miguu mlangoni.

"Wale wenzenu orodha yao iko tayari. Wameninong'oneza na habari ya mbuzi. Mimi sina ubaya, dada, lakini supu nayo ina mvuto wake."

Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima. Mtu wa Mutuka aliyeikosa plau wiki ile angelima kwa mkono msimu mzima, na mwaka unaofuata nani anajua kama wafadhili watakuwa bado wanatupenda.

Nikawasha jenereta. Mama Fausta akafungua programu. Mashine ikafikiri, ikasema faili halipo.

Tukajaribu tena. Halipo. Nikatazama ndani ya chumba cha KITUNDU, mafaili yote yamekaa kama wanafunzi asubuhi. Tukaita programu. Halipo.

Bwana Kitundu akasimama nyuma yetu. "Data zimekwenda wapi?"

"Ziko hapa, mkuu. Naziona."

"Unaziona wewe. Mashine haizioni. Nani alizishika mwisho?"

Wakubwa wenzangu mtakumbuka miaka ile neno hujuma lilivyokuwa linatembea bila kofia. Sukari ikipungua ni hujuma, gari likipasuka tairi ni hujuma. Mama Fausta alikuwa amefanya kazi na Bwana Manase tangu mwanzo, na alijua upepo unavuma kuelekea wapi. Akakunja mikono.

"Mkuu, mimi sikuhama na mtu. Nilibaki na meza yangu."

"Sijasema kitu, mama."

"Na mimi nimejibu ambacho hujasema."

Alhamisi asubuhi nikaenda na vipande vya sabuni kumwona yule mtu wangu wa dizeli, nikarudi na dumu. Simu kwa mtaalamu haikuwezekana. Kupiga Arusha tu ilikuwa safari, sembuse Ulaya. Programu yenyewe ilikuwa imefungwa. Alituachia kama pilau iliyokwisha iva, unaila lakini huwezi kutoa kitunguu. Mama Fausta akaiamuru mashine itapike programu ile kiooni, tuone ina nini tumboni. Kioo kikajaa alama kama kuku waliokanyaga majivu. Pembe, kopa za karata, nyuso zinazocheka, vitu visivyosomeka.

Tukaendelea kuzitazama zikipita. Mara Mama Fausta akashika mkono wangu.

"Rudisha."

Katikati ya nyayo za kuku palikuwa na maneno ya kibinadamu: C:\MANASE\WAKULIMA. Mistari michache mbele, tena MANASE. Na tena.

Mama Fausta akaanza kucheka kwa ile sauti yake ndogo, mabega yakitikisika. "Anamtafuta Bwana Manase. Tangu jana anamgongea mlango, sisi tumembomolea nyumba."

Nikamwomba anieleze taratibu, akanieleza kwa namna ambayo nimeitumia kufundisha kila kijana tangu siku ile.

"Nikikutuma nyumbani kwangu Nangara, utauliza nikuelekezeje?"

"Utaniambia nitoke stendi, nishike barabara, nikate kwenye mashine ya kusaga, niulizie."

"Na kama umesimama uani kwangu tayari, unataka chumvi?"

"Utaniambia mlango wa pili kushoto."

"Sasa mtaalamu wetu kila kitu amekielekeza kuanzia stendi. Hata chumvi. Ukihamisha nyumba nzima, programu na mafaili pamoja, huyu mashine bado anarudi stendi, anashika barabara ileile, anafika kwenye kiwanja kitupu. Angesema mlango wa pili kushoto, tungehamia hata Kondoa."

Hapo ndipo somo lote lilipo, na mashine zenu za siku hizi hazijalibadilisha. Anwani ndefu ya kuanzia mwanzo wa diski inafanya kazi mahali pamoja tu. Programu na mafaili yake viweke pamoja, vielekezane kwa ujirani. Kama lazima anwani ndefu iwepo, iandike mahali pamoja panapofunguka, si kuipika ndani ya pilau.

Dawa ilikuwa nyepesi kupita kiasi: tengeneza chumba kinachoitwa MANASE, weka mafaili humo, basi. Dakika chache. Lakini mkuu alikwisha amuru jina lile lisiwemo, na alikuwa na tabia ya kuja kusoma kioo. Kufanya jambo kwa siri mwaka ule ilikuwa kujitafutia kamati ya uchunguzi.

"Nenda wewe," Mama Fausta akasema. "Mimi nikitaja Manase atasema nampelekea salamu. Wewe ni mtoto wa duka. Kapatane."

Nikaenda. Nikamweleza Bwana Kitundu jambo lilivyo, stendi na chumvi na yote. Alinisikiliza vizuri. Nilisema alikuwa msomi. Alielewa mara moja.

"Si mfute jina lake humo ndani mwandike langu?"

"Humo ndani hapaandikiki, mkuu. Na lako lina herufi moja zaidi, halitoshi kwenye kiti."

"Kwa hiyo unaniambia nimrudishe."

"Akae stoo, mkuu. Hakuna anayeingia stoo."

"Mimi naingia."

"Utapita tu."

Akatazama dirishani. Lori lilikuwa uani, dereva amelala chini yake, kofia usoni. Nje ya uzio walikuwa wamekwisha anza kukaa watu wa Mutuka. Mbele yao mama mmoja, Mama Eliya, mjane, amekuja na punda na kamba tayari. Kila mlango ukifunguka alisimama, ukifungwa alikaa.

"Mimi ninapata nini?" Bwana Kitundu akauliza.

Nami nikamheshimu tangu hapo, kwa sababu alikuja sokoni. Mtu akiuliza anapata nini, biashara imefunguliwa.

"Jina lako juu ya orodha, kwa herufi kubwa."

"Hilo ninalo tayari. Orodha ninaisaini mimi."

"Kibandiko kwenye mashine."

"Kitabanduka."

Yeye akavuta kitabu cha mashine kutoka mezani, kile kinene cha Kiingereza ambacho sisi tulikitumia kuegemezea dirisha. Kumbe usiku alikuwa anakisoma. Akafungua penye karatasi aliyoiweka.

"Hapa wanasema yale maandishi ya mwanzo wa mstari, yanayosubiri uandike amri, unaweza kuyabadilisha yaseme unachotaka."

"Kweli, mkuu?"

"Yaandike KITUNDU. Yawepo wakati wote, uwe chumba gani, uwe stoo, uwe jikoni. Mtu akikaa kwenye mashine hii anaanza na mimi."

Nilijifanya nafikiri. Kukubali bei haraka humwumiza mnunuzi. "Na Bwana Manase?"

"Akae ndani, asitokeze kichwa."

"Tumeelewana, mkuu."

"Na usimwambie mtu nilikuwa nasoma hiki kitabu. Watadhani sina kazi."

Kwa hiyo ndivyo tulivyofanya. Nikatengeneza chumba cha MANASE, nikamwaga mafaili, nikahesabu, nikahesabu tena. Mama Fausta akaandika ile amri ya kubadilisha mwanzo wa mstari. Kioo kikawaka KITUNDU, na chini yake tukaiita programu. Ikaenda stendi, ikashika barabara, ikakata kona, ikamkuta Bwana Manase nyumbani. Majina yakaanza kushuka.

Printa ile ilikuwa na sauti ya mbuzi anayekatwa kwato. Haijawahi kunipendeza kama mchana ule. Utepe wa wino ulikuwa umechoka, majina ya mwisho yalitoka rangi ya moshi, Mama Fausta akayapitia kwa kalamu. Bwana Kitundu akasaini, akagonga muhuri wake mpya hadi meza ikatikisika.

Ijumaa tukagawa. Nilisimama na orodha, nikasoma jina, mtu akaja, akaweka dole gumba, akachukua plau. Dereva alipakua akinung'unika kuhusu supu. Mawingu yalikuwa yameshuka kabisa, na wazee walikuwa wanatazama juu kuliko walivyokuwa wananitazama mimi. Bwana Kitundu alisimama pembeni ya lori amevaa suti, akipeana mkono na kila mtu. Hiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kuonwa na wakulima.

Nikasoma jina la Mama Eliya. Akaja haraka, kisha alipoifikia plau akaigusa polepole, kwanza mpini, halafu jembe lenyewe, kama mtu anayempapasa ndama aliyezaliwa usiku. Tulimsaidia kumfungia punda. Halafu akamgeukia yule mtu wa suti, akamshika mkono kwa mikono miwili. Mtu aliyepita kitongojini kwao mwaka uliotangulia kuahidi plau aliitwa Bwana Manase, na tangu hapo Mutuka yote walikuwa wakizungumzia plau za Bwana Manase. Mama wa watu alikuwa hajawahi kumwona karibu.

"Bwana Manase, Mungu akuongezee. Ulisema zitakuja, zimekuja."

Mama Fausta akainamia kiatu chake. Mimi nikajificha nyuma ya orodha. Bwana Kitundu alitazama punda, akatazama ile plau, akanitazama mimi muda wa kutosha nikasahau jina linalofuata. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye bega la suti yake.

"Amina, mama," akasema. "Wahi, isije ikakunyeshea njiani."